Stima ya Pikapu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Miguu inawaka moto. Nimetoka kazini ghalani Rexdale, nikapanda basi moja kwa moja hadi Weston kwa rafiki yangu Hyacinthe. Mama yake, Mama Générose, anatoka hospitali Ijumaa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mlangoni kuna ngazi. Hospitalini wameambiwa wazi: kiti kisipoweza kuingia, mama anapelekwa kituo cha wazee, na nafasi iliyopo ni mbali huko nje ya jiji. Mama asiyejua hata neno la Kiingereza! Hyacinthe ameniomba rampu ya mbao, mteremko wa kupitishia kiti. Fundi anayemjua ni mimi tu. Ningekataaje?

Nyumba yenyewe kuukuu. Tulichomeka msumeno, ukalia kidogo tu—nyumba nzima giza. Mwenye nyumba akashuka amefura, hataki tuguse soketi zake tena. Nimerudi bila kukata ubao hata mmoja.

Jumanne, 7 Oktoba

Hyacinthe kanipokea anacheka. Ati, "Dada Nyaboke, courant iko mu gari!" Yaani stima, kwa Kifaransa chake. Kweli bwana. Pikapu lake jipya lina soketi kule nyuma. Za kushoto zina laini yao, za kulia yao. Tuliweka msumeno na kompresa ya kupigia misumari upande mmoja, vikazima vyote. Tukavitenganisha, kila kimoja upande wake—vikaenda bila shida.

Halafu kuna soketi moja kubwa inayounganisha laini zote mbili. Volti mia mbili arobaini, kama kwetu! Nikaikumbuka randa yangu ya umeme niliyokuja nayo kutoka Keroka. Tangu nifike huku ughaibuni imelala tu chini ya kitanda, stima ya huku ni nusu ya kwetu, haiiwezi. Na tunaihitaji: mbao zetu za kuokoteza, huu mnene, huu mwembamba. Tusipozisawazisha, Mama atarushwa kama gunia.

Nimechoka hata kula sitaki.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilibadilisha plagi. Imenguruma! Aki nilitaka kulia. Hyacinthe alisimama tu, mikono kiunoni, akiangalia maranda yanavyoruka. Manyunyu mchana kutwa. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Randa ilianza kutoa cheche. Kaboni, vile vijiti vinavyopeleka stima kwenye mota, zimeisha, nilijua. Nilikuwa nimeshikilia ubao, siwezi kuuachia. Nikamwambia Hyacinthe, zima swichi, fungua pale pembeni, toa kaboni. Ndivyo tulivyofanya Keroka siku zote. Akazima. Akapiga magoti kwenye nyasi zilizoloa, akafungua, akatia bisibisi—akarushwa nyuma! Gari likakata stima lenyewe. Lisingekata... wacha.

Kwenye soketi ile waya zote mbili zina moto, zote zinabeba stima. Swichi ya randa inakata mmoja tu, ule mwingine unabaki. Na nilijua! Si ni mimi niliyesema inaunganisha laini mbili? Ni kichwa tu kilikuwa Keroka, ambako moto uko kwenye waya mmoja. Kuchomoa plagi kungetuchukua nini? Mimi ndiye niliyemwambia. Yeye alitii tu.

Kwanza alicheka. Kisha akasema moyo unamrukaruka, na vidole havifungi. Ambulensi ikaja. Wamempeleka hospitali ile ile aliko mama yake, wamemlaza waangalie moyo. Jioni akapiga simu, sauti ndogo: nisimwambie maman, nimalize kazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ghalani sikwenda. Wakitaka wanifute.

Hyacinthe aliniachia funguo za gari. Kila kitu nakichomeka mara mbili. Nachomoa, nakagua, nachomeka tena. Mashine gani hii ninayoiogopa baada ya kuishika maisha yangu yote? Lakini rampu imekwisha. Nimepitisha toroli juu na chini, haikwami popote.

Tangu asubuhi Hyacinthe hapokei simu.

Gari la hospitali limemleta mama. Amekwisha, jamani, mabega yamebaki mifupa. Akaipapasa rampu, akanibariki. Nikainamisha kichwa. Dereva akashika kiti asukume. Mama akafunga breki. Hapana, anasema, Hyacinthe ndiye atakayenipandisha. "Mwanangu iko wapi?"

Nikamwambia asubiri kidogo, bado kaubao kamoja. Nikawasha msumeno. Nimekata ubao usiohitajika. Nikakata mwingine. Aliuliza tena, nikakata wa tatu.

Sasa niko ndani ya pikapu, bado linanguruma, ati natafuta skrubu. Kumbe naandika haya. Dereva amekuja dirishani: kama hakuna mtu wa nyumbani wa kumpokea, itabidi amrudishe. Nimemwonyesha vidole, dakika mbili. Nimempigia Hyacinthe tena. Inaita, inaita.

Namwona mama kwenye kioo. Breki hajaifungua. Hata mlango wa nyumba hautazami tena, ananitazama mimi. Anangoja nizime gari, nimwambie.