Moyo Uliochongwa Darini

Basi, mpendwa Shangazi, hayo ya harusi niliyokuandikia mara ya kwanza tuyaache, maana sasa tumehamia nyumbani kwetu, nyumba ni ya zamani lakini ni yetu, na mume wangu, huyu niliyepewa nikapendelewa, siku ya kwanza tu alipanda juu ya kitanda na kisu cha jikoni akachonga moyo kwenye dari, dari lenyewe la vipele vipele kama uji uliomwagika ukagandia juu, unga mweupe ukatushukia mpaka kwenye mito, tukacheka, nami nikaufagia nikautia kwenye kichupa cha manukato uwe kumbukumbu yetu.

Jumamosi anataka kulikwangua dari lote liwe laini kama shavu langu, ndivyo alivyosema, na mama jirani aliposikia akaniita pembeni. "Mwanangu, madari mengine ya zama hizo yalitiwa asbesto, na vumbi lake ni sumu. Pimeni kwanza." Nilipomwambia mume wangu, aliligonga mara mbili, akanusa vidole, akasema, "Hii chokaa, kipenzi. Huyo mama ana kijicho tu." Shangazi, namwamini kuliko ninavyojiamini, lakini tangu nisikie kwamba vumbi hilo huingia mapafuni likakaa miaka kimya, kila akikohoa roho yangu inaruka, naye huniuliza, "Mbona unanitazama hivyo?" nami namjibu ni mapenzi. Nikimzuia atadhani nimemdharau. Nimwambieje?

Bibi Arusi wa Juzi

*

Mwanangu, hongera kwa mume. Sasa hameni chumba hicho.

Wanaume wanaojua kila kitu nimewasikia wengi, lakini wa kunusa asbesto ni wako wa kwanza. Haina harufu. Haina ladha pia, kwa hiyo ukimwona anatoa ulimi, mzuie. Huenda dari hilo ni chokaa tupu. Lakini wewe hujui, naye hajui, na mapenzi si kipimo. Anayejua ni maabara.

Dari la namna hiyo likiachwa zima halina ugomvi na mtu. Ugomvi huanza mkilichokonoa. Jumamosi hakuna kukwangua wala kufagia. Fungeni mlango, laleni sebuleni. Mmeoana juzi, godoro la chini haliwezi kuwashinda. Mwiteni mpimaji mwenye kibali, alowanishe pale pa kukata, achukue kipande na kukifunga kisivuje hata chembe. Hicho kichupa usikifungue wala usikitupe, mkabidhi yeye. Wenzako hutunza maua makavu.

Mumeo mwambie wazi: "Nataka tuzeeke pamoja, na uwe na pumzi ya kugombana nami." Akisema umemdharau, mwambie asubiri majibu ndipo anune. Na huyo jirani mkamwombe radhi, maana amewatakia uhai nanyi mkamwita mwenye kijicho.

Anwani umeniandikia nyuma ya bahasha. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika kwenu, na nitamuuliza mumeo majibu ya maabara kabla sijavua viatu.