Tepe za Bega la Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo umekuachia kidogo. Sisi huku hatujambo, ila ni hatujambo ya mdomoni tu: tunakula, tunalala, tunaamka. Tangu tulipomzika Baba sijatoa chozi. Shangazi ananichungulia kama chungu kinachokaribia kuchemka, nami namwambia moto wenyewe haupo.

Ofisi ya skauti wameniomba niwapangie ubao wa kumbukumbu, tepe na beji zote tangu Baba alipoanzisha kikosi. Wangemwomba nani mwingine? Karibu zote nimezishona mimi, tangu miguu ilipoanza kufika kwenye pedeli ya cherehani. Juu nimeweka zile tepe ndefu za rangi mbili zilizoning'inia bega la kushoto, ili Baba atambue makundi kwa mbali. Zikafuata fupi, kwa kuwa ndefu zilikuwa zikinaswa kwenye seng'enge vijana wakitambaa. Halafu beji za kitambaa, na mwisho hizi za siku hizi za kubandika kwa pasi, ukizifua mara moja zimebanduka. Baba aliziita stempu.

Zako pia zipo, zile mbili nyeupe za kiongozi wa kundi, ulizojishonea siku moja kabla ya kuapishwa ili upigwe picha. Bado zina alama ya wembe pale Baba alipozikata mbele ya gwaride zima. Jamani, Kaka! Utepe usiofika urefu wa kiganja, na ndio uliokuhamisha nyumbani mpaka leo.

Shangazi amenieleza kuwa umeshaomba likizo, unakuja, kwa sababu umesikia Baba alikusamehe kabla hajafa. Amesema ulilia kwenye simu kama mtoto mdogo. Niliposikia hivyo niliacha kushona, nikakaa tu. Kwa simu nisingeweza, ndiyo maana nakuandikia.

Kaka, hakukusamehe. Mimi ndiye niliyewaambia watu hivyo. Tulikuwa wawili tu hospitalini, nikamwinamia, nikamwomba alitaje jina lako hata mara moja. Akanijibu kwamba ulikuwa hujafuzu. Akageukia ukutani, asiseme tena mpaka alipokata roho. Nilipotoka nje Shangazi alinirukia kuuliza Baba kasemaje, nami mdomo ukanitangulia. Niwie radhi. Nimemkasirikia Baba, tena sana, lakini hata hasira yenyewe imekufa ganzi.

Basi, kama safari ilikuwa ya Baba, warudishie watu likizo yao, sitakulaumu. Ila Shangazi anarudi kwake wiki ijayo, na mimi nabaki peke yangu katika nyumba hii. Nakuomba uje kwa ajili yangu.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda ingawa hawamjui sura.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku