Kimo cha Pikapu

Naserian mjukuu wangu,

Takwenya! Najua hata kwa joto la huko Magadi umeitika salamu yangu kwa "iko". Hapa Kisaju tuko tu. Mjomba wako ameenda Kitengela kuwa soja wa geti, na zizi liko tupu; ng'ombe wa mwisho alianguka juzi kwa njaa, hakuamka tena.

Unaniuliza kama utoe tairi za pikapu yako uweke kubwa, usikwame kwa matope meusi ukija nyumbani. Baba yangu alifanya hivyo Mashuuru nikiwa msichana. Pikapu ikasimama kama twiga, watu wakasifu. Kisha mvua ikakataa. Ng'ombe akishalala kwa njaa hasimami mwenyewe. Watu humshika mkia na pembe, wakamwinua ndani ya gari apelekwe penye nyasi. Zamani sakafu ya ile pikapu ilitufika kiunoni. Sasa ilitufika kifuani. Tulimwinua ng'ombe wetu, na karibu kabisa na mlango wa nyuma mikono ikaishiwa nguvu, tukamrudisha chini. Alikuwa anatuangalia. Baba akakaa kando ya tairi yake mpya akasema, "Nilipima barabara. Sikupima mikono yetu."

Basi weka unayotaka, mama. Hapa hakuna ng'ombe tena wa kuinua. Lakini magoti yangu yamekataa, na hospitali ya Kajiado ni mbali. Ukifika kwa fundi, simama kando ya hiyo pikapu upime vizuri. Watakaoniinua ni wewe na mama yako tu.

Ni mimi nyanya yako,
Kokoo