Taa ya Kabatini na Chumba Kilichotutoka

Kota za Shamba la Minazi,
Kilindoni, Mafia.

Kwako mke wangu Mwanaidi, mama Zuwena,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa, na ikikukuta umesimama, vuta kigoda. Mimi ni mzima, meno yote yamo kinywani, hamu ya kula ninayo, ila siku hizi chakula chenyewe ndicho kinachochagua siku ya kuja. Vipi Zuwena na kikohozi chake? Vipi mama mkwe na magoti? Na ule mlango wa uani uliooza, fundi kafika Pangani au bado yuko njiani tangu mwaka jana?

Barua hii anakuletea mdogo wako Twalibu kwa mkono wake, na hajui yaliyomo. Mpe maji, mpe chakula, kisha mkalishe kwenye mbuzi akune nazi ili asipate kuondoka, ndipo uisome. Ukimaliza itie motoni. Mama asisomewe hata mstari mmoja.

Neno kubwa nalitanguliza nisije nikakuzungusha: usifunge mizigo. Kama umeshafunga, fungua kwanza. Kile chumba cha kota nilichokusifia, cha mwisho kwenye mstari, chenye madirisha mawili, ambacho nilikingoja huku nikilala na wanaume wanaokoroma kama misumeno, kimetutoka. Sikunyang'anywa kwa ulevi, wala kwa mwanamke, ingawa mwanamke katajwa, na huko utafika. Soma taratibu.

Twalibu alipokuja nilimtafutia kazi ya kuandika magunia ya mbata ghalani, nikamlaza chumbani mwangu mpaka wewe uje. Kijana ana mwandiko mzuri na adabu. Lakini mdogo wako, Mwanaidi, anavuta bhangi. Basi, nimeliandika, limekwisha. Alikuwa akiletewa kutoka bara, na tangu mizigo ianze kupekuliwa pale ufukweni hakuna wa kumletea. Akawa hali, halali, anang'ata kalamu za serikali. Siku moja tunakunywa chai ya mkandaa (sukari haipo dukani), akaniuliza, "Shemeji, mtu ambaye hajawahi kupanda, akitaka kupanda ndani ya chumba, aanze na nini?"

Jibu la mtu mwenye akili lilikuwa, "Aanze na kuacha." Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Lakini wewe wanijua. Mimi niliyelala Adeni, niliyetembea Bombei na viatu vya kukopa, niliyeishia darasa la tano kwa sababu mwalimu alichoka kujibu maswali yangu, niulizwe jambo niseme sijui? Bhangi sijaivuta, hata sigara hunikaba. Nikamwambia, "Bwana mdogo, umefika kwa fundi."

Utauliza kwa nini ndani, na kisiwa kizima ni mashamba. Nje hakuna pa kujificha. Ardhi ni ya kijiji, na siku ya kazi ya pamoja watu wanapalilia mpaka nyuma ya vyoo. Panapobaki, ng'ombe wa shamba wanapita chini ya minazi wakila kila kilicho kibichi. Ndani kuna kufuli.

Tukachagua, na mwenye kauli ya mwisho nilikuwa mimi. Twalibu alitaka vyungu, nikasema chungu kinapasuka. Karai nikalikataa, halina kina. Tukachukua madebe ya mafuta ya taa, nikayatoboa chini kwa msumari. Debe la kwanza hatukuliosha vizuri, mbegu aliyobakiza Twalibu ikafa kwa harufu ya taa. La pili Twalibu alilimwagilia kama anamnywesha ngamia, mbegu ikaoza. Dirishani nikakataa, kila apitaye angeona. Nikasema kabatini. Na mwanga? Hapo ndipo nilipotamba, maana fundi wa mashine ya umeme hapa ni mimi. Nikavuta waya, nikaning'iniza globu kubwa ndani ya kabati. Kisha nikatoa ujuzi wangu wa mwisho: nikabandua ile karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya makasha ya majani ya chai, nikalipamba kabati lote, mwanga uruke huku na huku. Mlango wa kabati ukawa haufungi kwa ajili ya waya, na joto lilikuwa likiunguza majani, basi nikafungua na juu lipumue.

Twalibu akasema, "Shemeji, wewe ungekuwa mhandisi."

Nikamjibu, "Ungekuwa? Mimi ndiye."

Sasa sikiliza kosa la mhandisi wako. Kuta za kota hizi hazifiki kwenye bati. Ukipiga chafya chumba cha mwanzo, chumba cha mwisho wanakuombea rehema. Mimi nimekaa hapa muda wote nikijua hivyo, na sikufikiri kwamba kinachopita kwa chafya kitapita kwa mwanga. Mashine inanguruma mchana kwa ajili ya karakana, globu inawaka, karatasi inarusha nuru juu, bati linameremeta. Nuru hiyo haikuonekana imetoka kwangu. Ilionekana juu ya chumba cha jirani yangu, Bi Tatu.

Bi Tatu ni mjane wa Chole, mtu mzima, anatupikia vitumbua wafanyakazi wote. Haazimi wala haazimwi maneno. Chumba cha pili kutoka kwake anakaa Athumani, mkwezi wa minazi, na mkewe na mtoto wao mchanga. Mimea ilipokua ikaanza kunuka. Sijui nikufananishie na nini: beberu aliyejipaka udi. Athumani akaisikia harufu, akainua macho, akaona mchana mweupe nuru inacheza juu ya chumba cha Bi Tatu. Wiki ileile mtoto wake akashikwa na homa, akakakamaa mikononi mwa mama yake.

Basi. Mafia hii, mtu akiona nuru isiyo na taa na harufu isiyo na ubani, mtoto kakakamaa, hahitaji kuelezwa. Wakasema Bi Tatu anafuga jini.

Nilipolisikia hilo kisimani nilikimbia nikazima globu. Nilidhani nimemwokoa. Kumbe ndiyo nimemmaliza! Athumani akasimama uani akapaza sauti, "Mmeona? Kusemwa tu, taa imezimika! Kama si yake, imejuaje?" Vitumbua vikaanza kubaki kwenye sinia. Nilikuwa nikivinunua peke yangu na kuvila mpaka tumbo likanikataa. Mtoto alipata nafuu kwa dawa za zahanati, hilo halikumfaa Bi Tatu. Walisema kaogopa, kaachia.

Kuyatoa madebe sikuweza. Kutoka mlango wangu mpaka shimoni ni kukatiza uani mbele ya macho yote, na macho yote wakati huo yalikuwa upande wetu. Twalibu akanisihi, "Tusubiri wasahau." Hawakusahau. Ndugu Makame, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwenye haki lakini mwepesi wa kuchoka, akaamua: Ijumaa baada ya Alasiri aje mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Baleni, isomwe Halbadiri kumwapiza aliyeleta kitu kile kota. Bi Tatu akubali au arudi kwao Chole.

Mwanaidi, mimi nimepigwa na mawimbi nikicheka. Askari wa bandarini Bombei alinielekezea bunduki nikamwomba kiberiti. Lakini Halbadiri naiogopa tangu utotoni, na wewe unajua ilivyomfika yule mwizi wa mbuzi pale kwetu. 

Tukakaa uani, wanaume huku, wanawake kule, ubani unafuka. Bi Tatu kaketi mkekani katikati, kanga yake safi, kama mtu aliyealikwa.

Ndugu Makame akamuuliza, "Bi Tatu, umeridhia isomwe?"

"Isomwe. Mimi nina nini cha kuficha, hamira?"

Watu wawili wakacheka, Athumani akawakazia macho wakanyamaza.

Mwalimu akasema, "Kabla sijafungua kinywa, mwenye neno na aliseme. Nikishaanza sirudi nyuma."

Twalibu alikuwa ubavuni pangu. Akanong'ona bila kugeuza shingo, "Shemeji, kaa kimya. Dada anakuja mwezi ujao. Wakijua, chumba hakuna."

"Na dua je?"

"Inasomewa mchawi. Sisi si wachawi. Haitupati."

Sikufichi, mke wangu, maneno yale yaliniingia kama maji baridi. Nilikuona wewe mlangoni na birika, Zuwena anakimbia kwenye kile kibaraza. Nikasema moyoni, kijana kasoma kuliko mimi, haitupati. Kisha nikamtazama Bi Tatu. Akakohoa. Kikohozi cha moshi tu wa ubani, kidogo, lakini nikaona watu walivyotazamana. Nikaelewa. Yule ni mtu mzima, leo kiuno, kesho jino. Akiumwa chochote baada ya dua hii watasema imempata. Sisi haitupati, na yeye asiye na kosa hataikwepa maisha.

Mwalimu akasema mara ya pili, "Hakuna mwenye neno?" Akavuta pumzi.

Nilisimama.  "Mwalimu, usisome. Taa ni yangu. Harufu ni yangu. Bi Tatu hana habari."

Makaa ya chetezo yakapasuka. Athumani akanijia akanikamata ukosi. "Mtoto wangu unamchezea?"

"Mtoto wako alikuwa na malaria, Athumani. Njoo uone kilichomo chumbani, kisha unipige ukipenda."

Wakaja wote. Nikafungua kabati. Ndani mmesimama mimea mitatu, myembamba, ya njano, imeinama kama watu waliosafiri na bahari chafu. Ndugu Makame akainusa, akarudi nyuma. "Hii ni bhangi!"

Athumani akaniachia ukosi. Akaitazama mimea, akanitazama mimi niliyewahi kumwambia kwamba kilimo cha kizungu nimekisoma Bombei. Akasema, "Na hata kulima hujui!"

Uani mzima ukaangua kicheko, Mwanaidi, na mimi ningalipendelea kofi. Ndugu Makame akataka kuichoma palepale, mwalimu akamshika mkono: "Usiichome hapa, utatulevya sote na magharibi imekaribia." Ikatupwa shimo la choo. Ndugu Makame akauliza, "Na huyu kijana anayelala humu?" Nikasema, "Mgeni wangu. Madebe, waya, kabati, vyote nimechagua mimi." Na huo haukuwa uongo. Mbegu hakuiulizia, sikumwambia. Twalibu alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Bwana meneja aliniita kesho yake. Kazi kaniachia kwa sababu mashine ile haiwashi mtu mwingine, lakini kota kanivua, na chumba kampa Athumani mwenye mtoto. Siwezi kusema kaonea. Polisi walikuja wakaandika maelezo yangu, wakasema nisitoke kisiwani, wataniita. Hawajaniita. Kila pikipiki inayopita njia ya Kilindoni, moyo wangu unasimama kuipisha. Nalala kwenye banda la mashine, juu ya magunia, nanuka dizeli kuliko nyambizi. Twalibu namrudisha kwenu kabla hajaulizwa. Usimpige. Muulize tu kwa nini alinyamaza, kisha nyamaza wewe umsubiri ajibu. Atajibu.

Lililonitesa kuliko banda ni Bi Tatu. Kila asubuhi nilikuwa nikimwambia, "Shikamoo, Bi Tatu," naye anageuza vitumbua. Hakuna marahaba. Umri huu wangu, shikamoo kunibaki mdomoni kama mwiba wa samaki! Wenzangu kwenye foleni wanatazama pembeni kwa haya.

Jana niliamkia tena kwa mazoea. Akaweka mwiko chini.

"Omari, unajua kwa nini sikusema taa inatoka kwako? Niliiona siku ya kwanza."

"Sijui, Bi."

"Nilidhani umeficha mwanamke. Taa mchana, harufu ya udi, na wewe unanong'ona na shemejio. Nikasema, kijana wa watu, mkewe anakuja, nisimwaibishe mbele za watu. Nikaketi mkekani niapizwe kwa ajili ya mwanamke wako asiyekuwepo."

 Mimi, Mwanaidi, nilikosa la kusema.

Akageuza vitumbua, akaendelea, "Mwandikie mkeo aje. Yeye na mtoto watalala kwangu, kitanda changu ni kipana. Wewe utabaki bandani na mashine yako mpaka nitakapokuambia."

"Mpaka lini, Bi?"

"Marahaba," akasema, akanipa kitumbua, akaita mwingine kwenye foleni.

Basi mke wangu, sina chumba cha kukuitia, na huenda polisi wakanichukua kabla chombo chako hakijatia nanga. Ninacho kitanda cha Bi Tatu, kitanda ambacho mimi sina ruhusa ya kukikaribia. Mimi nakutaka uje. Lakini safari hii sichagui mimi, maana umeona ninavyochagua. Chagua wewe, nami nitaridhia.

Nisalimie mama mkwe, umwambie nimekonda kwa kazi tu. Nisalimie kaka yangu mkubwa, mtengeneza nyavu, na umwombe dua bila kumwambia ya nini. Msalimie shangazi muuza mkaa na deni lake la maneno tuliyoachiana. Zuwena mbusu utosini, umwambie baba yake anawasha umeme wa kisiwa kizima, kwa maana hilo ni kweli.

Wako asiye na kota,
Omari, fundi mashine.