Mbegu za Rachidi

Kigoma, 3 Machi 2001

Mkwe wangu Hayat,
Asalaam aleikum. Sisi wakimbizi huku ni wazima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nyinyi na milio ya risasi mnaendeleaje huko mtaani Buyenzi, Bujumbura? Miaka yote hii ya ndoa, tumbo lako kimya. Nimempatia mwanangu Rachidi mke wa pili, Houda, binti wa jirani yangu. Usinune.
Mama mkwe wako, Fatouma

Bujumbura, 19 Machi 2001

Mama,
Waaleikum salaam, na pole na magoti. Risasi tumezizoea, barua yako ndiyo imenichoma. Mbona hukumuuliza Rachidi? Daktari wa mtaa wa Kigobe ametupima sote wawili. Mimi sina kasoro. Mbegu za mwanao ndizo chache, tena hazina mbio. Zinaweza kusafishwa, zikachaguliwa zenye nguvu, zikapitishwa kwa mpira mwembamba hadi ndani ya kizazi changu siku yai linapopevuka. Huenda mimba isishike, lakini ni njia. Sheikh nimemuuliza: mbegu zikiwa za mume, na ndoa ipo, si haramu. Rachidi kakataa katakata: "Mi mwanaume muzima, siendi kujaza kikopo mu cliniki!" Kuongeza mke haoni haya, kikopo ndicho kinamwaibisha! Mwambie akubali, Mama. Nataka mtoto wake.
Mkweo, Hayat

Kigoma, 2 Aprili 2001

Hayat,
Salamu zimefika. Sasa koma! Rachidi kaja na boti ya mizigo, kaniapia kwamba daktari hakumwona na tatizo lolote. Unamsingizia mwanangu ili uzae na mbegu za kwenye chupa, hata hazijulikani za nani? Nimemwambia akuache.
Fatouma

Kigoma, 11 Juni 2002

Mwanangu Hayat,
Habari za siku nyingi? Tangu talaka hujaniandikia, wala sikulaumu. Houda ana mwaka na Rachidi hapa kwangu, hana mimba, na wanawake wa mtaani wanamwita tasa. Nimemnywesha dawa za mizizi hadi akatapika. Juzi nilimbana Rachidi, akalia: "Mama, daktari aliniambia ni mi." Nina hasira naye, na mwenyewe najichukia. Rudi, mwanangu. Akuoe tena, mwende kwa yule daktari.
Mama yako, Fatouma

Bujumbura, 24 Juni 2002

Bi Fatouma,
Mimi mzima, nashukuru. Mwanao alijua, akaoa msichana wa watu, akakaa kimya akimtazama anatapika! Sirudi. Niliiomba hiyo njia nikiwa mkewe, mkaniita mwongo. Daktari bado yupo. Mwenye ndoa sasa ni Houda. Yeye ndiye wa kuulizwa kama anataka. Hiyo mizizi mwaga. Kisha mwite Houda mbele ya wanawake wote waliomwita tasa, umwambie kwa sauti: si yeye.
Hayat