Esanse Iliyoshuka Bila Kuguswa

Cité Albert,
Élisabethville,
tarehe 14 Juni 1937

Mpendwa Yaya Agnès,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Constance. Hapo Lukafu mmeamkaje? Goti la shemeji Floribert limeacha kumsumbua? Sisi ni wazima, na leo nakuandikia roho ikiwa imetulia. Donat hakufukuzwa kazi.

Najua barua yangu ya mwisho ilikuliza. Nilikuambia mume wangu anaitwa mwizi wa esanse ya magari pale garaji, na kwamba akifukuzwa tutarudi kwenu. Ukauliza hiyo pampu ikoje hata mtu aweze kuiba. Ni mnara wa chuma wenye chupa mbili kubwa za kioo juu. Donat anavuta mkono wa chuma huku na huku, esanse inapanda kutoka tangi lililo chini ya ardhi mpaka alama ya lita tano. Kisha anafungua, inateremka kwa mpira hadi ndani ya gari, huku chupa ya pili ikijazwa. Mwenye gari akitaka, anaona kwa macho yake anachopewa, ila wengi hawatazami.

Wateja wa kwanza wa asubuhi na wale wa baada ya chakula ndio waliolalamika kuwa bidoni walizoleta kujazwa hazijai. Donat aliapa, hakusadikiwa. Na unamjua anavyopenda kusifiwa: alikuwa anajaza chupa zote mbili mapema ili wateja wake wasingoje.

Jumanne nilimpelekea bukari ya mchana. Alikuwa amekwisha kujaza chupa, akakaa kula. Mimi macho yangu yakabaki kwenye kioo. Esanse ilikuwa kwenye alama. Alipomaliza kula, ilikuwa chini yake vidole viwili. Nilikwenda kumwita mzungu mwenye garaji.

“Patron, angalia chupa,” nilimwambia. “Esanse iko inashuka, na hakuna muntu anaigusa.”

Alisimama pale akitazama. Kisha akafungua pampu mwenyewe. Kifuniko cha ndani kinachozuia esanse isirudi kilikuwa kimechakaa, na esanse ilikuwa inarudi tangini yenyewe. Alimpa Donat mkono mbele ya wateja. Mimi nililia palepale, sikuona haya. Sasa Donat hajazi chupa mpaka gari lisimame, na nyumbani nimemcheka vya kutosha.

Nisalimie shemeji, mama Madeleine na Wivine. Mungu awalinde na awajalie mavuno mema.

Na kile chumba ulichotufagilia, yaya, rudisha mbuzi wako humo.

Mdogo wako akupendaye,
Constance