Mpiga Picha wa Usiku wa Singo

Mchafukoge, Dar es Salaam
5 Januari 2025

Dada Tatu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku wote wazima, alhamdulillahi. Mgongo wa mama umepoa, joto ndilo halijapoa. Na wewe huko Mtwara, wagonjwa wanakupa nafasi ya kula?

Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu natumia na mama, na meseji zako anazisoma kwa sauti mpaka jirani anajibu. Halafu mimi kwa kuongea unanijua. Nikiandika sikwami.

Kazi uliyonipa ya kutafuta mpiga picha wa harusi yako nimeifanya. Ulisema nisihadaike na picha mbili tatu za ukutani, nidai harusi moja nzima, maana kila mtu ana bahati ya picha moja nzuri. Na nitazame mikono: uso ukiwa mweupe kama sembe na mikono imebaki na rangi yake, fundi kazidisha mambo kwenye kompyuta.

Wa kwanza ni dada wa Kilimanjaro, Scholastika, ana chumba Magomeni. Picha zake zimetulia. Hata mabibi wa mstari wa nyuma wana nyuso. Lakini nilipoomba za usiku wa singo, ule wa wanawake peke yao, akasema hana za kunionyesha. Nikamuuliza, hujawahi kupiga? Akasema amepiga nyingi. Nikajiambia huyu anaficha, kwenye giza kamera inamshinda.

Wa pili ni Abbasi wa Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya vitenge. Ana skrini kubwa inayotazama ngazi. Huyo alinionyesha harusi nzima bila kuombwa mara mbili. Kwenye singo anamtuma dada anayemfanyia kazi, mwanaume haingii. Hizo akasema nirudi nizione, siku hiyo wateja walimzonga.

Mimi naona Abbasi.

Mdogo wako,
Shamsa


Mtwara
8 Januari 2025

Shamsa wangu,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa zamu. Umefanya kazi ya mtu mzima, na hao waliosema huwezi hata kununua chumvi nitawaonyesha barua yako.

Abbasi sawa, ila rudi uone za singo kwanza. Hizo nazitaka kuliko za ukumbini. Bi harusi wa singo anafunikwa kanga gubigubi, anasuguliwa, hatazami mtu. Na mama yetu hachezi popote ila hapo. Mara ya mwisho kumwona akicheza nilikuwa mdogo kuliko wewe. Singo ya binamu yetu Ummy nilikuwa kazini, nikasimuliwa. Ya kwangu nitakuwa chini ya kanga. Nataka picha ili nimwone mama.

Tazama kama wanajua kumpiga mtu anayecheza bila kumfanya moshi. Wakijua, mchukue.

Dada yako,
Tatu


Mchafukoge
15 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Sijui kama salamu zangu leo zina adabu. Sisi wazima, yaani wa mwili.

Nilirudi kwa Abbasi baada ya shule, na sare yangu. Nikasema kwa ile sauti yangu ya chini kwamba nataka kuona za singo. Akaziweka kwenye skrini ile ile inayotazama ngazi. Wapagazi wawili walikuwa wanapandisha marobota ya vitenge, wakasimama kupumzika. Walipumzika kuliko mzigo ulivyotaka.

Picha zilikuwa nzuri, dada. Naona aibu kuandika hivyo. Mtu anacheza na bado maua ya kanga unayasoma. Nikasogea nitazame mikono kama ulivyonifundisha. Ina hina mpaka kwenye vifundo, na kidole cha mwisho kimepinda. Kile kidole nakijua. Kilibanwa na mlango wa jikoni mimi nikiwepo.

Nikapandisha macho. Mama. Kanga moja imefungwa kifuani, mabega wazi, nywele zote nje, anacheka mpaka magego yanaonekana. Mama huyu huyu anayetafuta ushungi kabla ya kumfungulia mlango muuza maji. Ilikuwa singo ya Ummy. Mpiga picha aliletwa na upande wa bwana harusi. Wetu walimwona yule dada na kamera yake, wakaridhika.

Mpagazi mmoja akasema, "Huyu mama anajua." Mwenzie akacheka.

Ningesema, "Zima." Neno moja tu. Sikusema. Nilikaa nimekumbatia begi mpaka ikaja picha nyingine, nikashuka. Njia yote ya kurudi siikumbuki. Mama akaniuliza kama nimekula, na mimi nikatazama ukuta.

Sote tuliuliza nani atashika kamera. Hatukuuliza nani atazitazama. Na yule Scholastika ndiye niliyesema anaficha.

Niambie la kufanya.

Shamsa, mdogo wako


Mtwara
17 Januari 2025

Shamsa,

Salaam, na pole sana. Nimesoma nikiwa kwenye benchi la wodi, mwenzangu akadhani nimefiwa.

Mwambie mama. Kwenye simu siwezi, neno hili linataka mtu aliye mbele yake. Usimpambie, usimpunguzie. Na mwambie usiku wangu kamera haitaingia. Picha sizitaki tena.

Dada yako


Mchafukoge
21 Januari 2025

Dada Tatu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Huku tupo, nimemwambia.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza sinia nzima akavaa baibui na kujifunika uso, akasema, "Nipeleke."

Kwa Abbasi alikaa kama mteja, akaomba singo, mwanzo mpaka mwisho. Abbasi alifurahi. Ilipofika picha ile akamwambia, "Huyu mama ndiye anayeniletea wateja." Mimi nikataka sakafu inimeze. Mama akasimama, akauweka mkono wake kwenye skrini, kando ya mkono wa pichani, kidole kilichopinda kwa kidole kilichopinda. Abbasi alitazama ule mkono, akatazama skrini, kisha akachomoa waya kwa nguvu hadi ukaangusha kikombe cha chai.

Amezifuta mbele yetu na ameapa. Nakala nyingine ziko wapi, hatujui.

Kwenye ngazi mama akasema yule wa Magomeni aje, wewe huwezi kuolewa bila kumbukumbu kwa sababu ya ujinga wa mtu. Nilipomtajia masharti, Scholastika alikubali: habaki na picha hata moja, zote anatuachia sisi. Lakini mama ameshasema yeye siku hiyo atakaa tu.

Shamsa


Mchafukoge
23 Februari 2025

Dada yangu, bi harusi,

Assalaam alaykum, shikamoo, na msalimie shemeji. Nyumba imepwaya tangu harusi iishe ukaondoka, hata paka anakutafuta.

Picha za singo mama atakuletea mwenyewe. Utamwona katika kila moja amekaa kwenye mkeka, ushungi umebanwa kwa pini. Usilie kabla hujamaliza kusoma.

Scholastika alipiga mpaka akatosheka. Halafu akamtazama mama kwa muda, akatoa kadi kwenye kamera, akaiweka kwenye kiganja cha mama. Kamera akaifungia kwenye begi, akavua viatu, akaja kukaa nasi akipiga makofi, tena nje ya mdundo. Mama akaitia kadi kwenye pindo la kanga, akafunga fundo.

Unakumbuka vigelegele vilibadilika, ukauliza ukiwa chini ya kanga kuna nini, na somo, kungwi wako, akakukandamiza kichwa? Kulikuwa na hiki. Mama alichomoa pini. Alianza na mabega tu, kama mtu anayekataa kitu polepole. Kiuno kikafuata, kwa kujificha. Nywele zina mvi pembeni, sikujua. Alizunguka kinu kilichotwangiwa manukato ya singo amefumba macho, na wanawake wengine wakamwachia uwanja, ngoma peke yake ikabaki. Alikuwa anacheka na kulia, sikuweza kutenganisha.

Mwisho alikuja mpaka ulipokaa, akainama. Ule mkono uliokugusa begani juu ya kanga, ukadhani wa somo, ulikuwa wake.

Mdogo wako aliyeona,
Shamsa